Nina milioni moja: ninunue gitaa lipi la umeme?

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nina miaka 41. Nimepiga galatoni, lile gitaa kavu lisilotumia umeme, miaka 14, nyumbani na mara mojamoja kwenye shughuli za ndugu. Napenda dansi la zamani, hasa nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, na sasa nataka gitaa la umeme ili nijifunze solo sawasawa. Nimeweka akiba ya shilingi milioni moja.

Nimezunguka miezi mitatu, nimechanganyikiwa. Nimeona manne. Squier ya umbo la Stratocaster, mpya, laki saba na nusu. Epiphone ya umbo la Les Paul, ya mkononi, laki tisa. Yamaha Pacifica 112V ya rafiki yangu, ambaye ana gitaa jingine, laki sita. La nne ni jekundu, lina pembe kali na daraja (pale nyuzi zinapoegemea kwenye bodi) la kufunga kwa skrubu, laki tano. Mwanangu wa kidato cha pili analipenda mno. Sina amplifaya. Napiga zaidi usiku, watoto wakishalala. Mgongo unanisumbua kwa kusimama darasani. Mwenzangu mmoja ananiambia nisubiri miaka miwili mitatu ninunue Fender yenyewe ya Marekani. Unanishauri nini?
*Mwalimu, Tanga*

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Umeniandikia kutoka mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, kwa hiyo barua yako niliiweka mezani nikaisoma mara tatu.

Nikupe jibu kwanza, sababu zitafuata. Nenda ukakae na Pacifica ya rafiki yako saa nzima. Shingo ikiwa nzima, ichukue. Shingo ikiwa na walakini, nenda kwenye Squier, lakini ushike ileile utakayoondoka nayo, isiwe ya maonyesho halafu wakakufungia nyingine kwenye boksi. Magitaa mawili ya modeli moja, yaliyotoka kiwanda kimoja, shingo zake zinaweza kutofautiana kama vidole vya mkono.

Na usisubiri miaka mitatu. Una miaka 41 na hamu unayo leo. Kwanza huyo mwenzako ajue kwamba Squier ni ya Fender hao hao: kampuni ya Squier ilikuwa ikitengeneza nyuzi, Fender wakainunua mwaka 1965, na tangu 1982 jina hilo linabandikwa kwenye magitaa yao ya bei nafuu. Epiphone nayo iko chini ya Gibson tangu 1957. Hununui bandia. Unanunua mbao za bei ndogo na vyuma vya bei ndogo, na vyuma vinabadilishwa.

Sasa sababu. Wewe unataka dansi, na dansi letu ni magitaa yanayoongea kwa zamu. Kuna solo, kuna second solo, kuna rhythm, chini kuna besi. Yote yanalia pamoja, na bado msikilizaji anatakiwa alisikie kila moja. Msikilize tena Mbaraka, akiwa Morogoro Jazz au baadaye na Super Volcano: kila noti unaisikia inapoanza na inapokatika. Alifariki mwaka 1979 akiwa na miaka 34 tu, na mpaka leo vijana wanaokuja kwenye benchi langu hapa Ilala nawaambia wamsikilize yeye kabla ya kuniuliza chochote. Sauti ile ni safi, kavu kidogo, inang'ata mwanzoni. Ukitumia gitaa lenye sauti nene, noti zako zitalala kifudifudi juu ya rhythm na hakuna atakayekusikia.

Unene au wembamba huo unaanzia kwenye pikapu, kile kifaa kilicho chini ya nyuzi kinachoinasa sauti yake. Pikapu ya kawaida ya Stratocaster ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, koili moja. Inatoa sauti kali na safi. Ubaya wake ni kwamba inanasa na umeme wa nyumbani, ndiyo ule mvumo unaousikia ukisogea karibu na taa ya tyubu. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa Gibson, aliunganisha koili mbili zilizopingana ili mvumo ujifute wenyewe. Hiyo ndiyo hambaka iliyoko kwenye Les Paul. Mvumo unakufa, sauti inanenepa.

Pacifica 112V ina vyote viwili: hambaka moja upande wa daraja, na pikapu mbili za koili moja, ya kati na ya upande wa shingo. Ukivuta juu kitufe cha toni, ile hambaka inabaki nusu, inakuwa koili moja. Kwa mtu ambaye bado anaitafuta sauti yake, sioni kwa nini umkimbie mnyama huyu kwa laki sita.

Halafu kuna swichi ya kuchagua pikapu. Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 swichi yake ilikuwa na vituo vitatu. Wapigaji wakagundua kwamba ukiitega katikati ya vituo, pikapu mbili zinalia pamoja na inatoka sauti tamu, kama ya kengele ndogo yenye maji ndani. Wakawa wanaisimamisha hapo kwa ujanja wa kidole, mpaka Fender wenyewe walipoweka swichi ya vituo vitano mwaka 1977. Pacifica ina vitano, Squier ina vitano. Weka kwenye kituo kilicho kati ya pikapu ya shingo na ya kati, punguza toni kidogo, halafu piga solo yoyote unayoijua kwa nyuzi mbili mbili. Utaelewa kwa nini nimeandika kirefu.

Epiphone ni gitaa zuri na sitalisema vibaya, nimelipenda maisha yangu yote. Lakini Les Paul nyingi zinafika kilo nne au kuzipita, na wewe umeniambia mgongo. Urefu wa uzi, kutoka kile kifupa cheupe cha juu hadi darajani, ni milimita 628, wakati Stratocaster na Pacifica ni 648. Ule ufupi unalegeza nyuzi na kuirahisishia kazi mikono, hilo ni jema. Ila ukilipa laki tisa unabaki na laki moja, na gitaa la umeme bila amplifaya ni nusu gitaa.

Lile jekundu mwambie kijana tutalizungumza akimaliza kidato cha nne. Daraja la kufunga kwa skrubu linahitaji subira ya fundi. Kubadilisha uzi mmoja unaanza kutafuta kifunguo cha chuma chenye umbo la L, unakata kichwa cha uzi kwa koleo, unabana, unatyuni, unafunga juu, unatyuni tena. Uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, mitano iliyobaki yote inapotea. Kwa mtu anayetoka kwenye galatoni, hapana.

Twende kwenye shingo, maana hapa ndipo nilipoumia mimi. Mwaka 1991 niliuza baiskeli nikanunua gitaa langu la kwanza la umeme kwenye duka moja Kariakoo. Jeusi, linang'aa, unajiona uso. Nililipiga dakika tano nikiwa nimesimama, muuzaji amenisimamia, foleni nyuma yangu. Nilipofika nyumbani nikapanda juu na uzi wa kwanza, na kuanzia freti (vile vyuma vilivyokingama shingoni) ya 9 hadi ya 13 haukulia. Ulikuwa unasema *tik*, kama unagonga kijiti kwenye meza. Shingo ilikuwa imejisokota, na ile fimbo ya chuma inayopita ndani yake ilishakazwa mpaka mwisho kabla yangu. Duka halikupokea maneno. Miaka miwili nilipiga huku nikizikwepa freti zile tano, na ndivyo nilivyogeuka mpiga rhythm, maana rhythm yangu niliweza kuipiga yote kule chini. Nakwambia haya ili usilione aibu suala la kukaa na gitaa la mtu saa nzima.

Fanya hivi. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono. Shika gitaa kama bunduki, kichwa karibu na jicho, uangalie kandokando ya shingo kuelekea darajani: kingo mbili zikimbie sambamba, zisipishane kama njia ya parafujo. Kisha bana uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na pale shingo inapokutana na bodi kwa mkono mwingine. Uzi sasa ni rula yako. Angalia kwenye freti ya 7 au ya 8: panatakiwa pawe na uwazi wa kama kadi ya biashara. Kama uzi umelala kabisa, au pamebaki upenyo wa shilingi mia, fimbo inahitaji kurekebishwa. Hiyo ni kazi ndogo mradi fimbo bado inazunguka, kwa hiyo muombe rafiki yako ruhusa ya kuizungusha robo duru na kuirudisha.

Baada ya hapo piga kila uzi kwenye kila freti, moja baada ya nyingine, taratibu, bila waya. Ndiyo, freti zote 22 mara nyuzi sita. Dakika kumi tu. Noti inayokufa au inayovuma kama nzi kwenye chupa, iandike. Pitisha kiganja ukingoni mwa shingo juu na chini: freti zikikukwaruza, mbao zilisinyaa na chuma hakikusinyaa. Hiyo inatengenezwa kwa tupa ya chuma tu.

Halafu gusa uzi wa sita juu kabisa ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, inatoka sauti ya kengele. Sasa ukandamize palepale upige tena. Zinatakiwa zilingane. Ya kukandamiza ikiwa juu zaidi, kile kidaraja kidogo cha uzi huo kinarudishwa nyuma kwa bisibisi. Watu wengi huuza gitaa zuri kwa sababu hii tu, wakidhani limeharibika.

Mwisho chomeka waya. Zungusha kila kitufe. Kikikwaruza ni vumbi, kinasafishwa. Tikisa jeki, lile tundu la kuchomekea waya, sauti ikikatika ni lehemu, inarudishiwa. Mvumo ukipungua unapogusa nyuzi, hiyo ni hali ya kawaida. Ila ukihisi nyuzi zinakuchoma vidole, chomoa na uache papo hapo. Hilo ni suala la waya wa ardhini wa nyumba au wa amplifaya, na si la kuvumilia. Niliwahi kugusa maikrofoni kwa midomo kwenye ukumbi mmoja huku mkono uko kwenye nyuzi, na nilijikuta nimekaa chini. Usikate ile pini ndefu ya plagi wala kuizunguka kwa adapta ya pini mbili.

Pesa yako igawe hivi. Laki sita gitaa. Tenga laki mbili na nusu kwa amplifaya ndogo ya mazoezi ya wati 10 au 15, ya mkononi pia inafaa, lakini iwe na tundu la hedifoni kwa ajili ya usiku wako. Inayobaki ni ya waya mzuri, seti mbili za nyuzi na fundi wa kulipanga gitaa. Ukiishia kwenye Squier, amplifaya itakubana. Anza na kile kiamplifaya cha hedifoni kinachochomekwa kwenye gitaa lenyewe, spika ije baadaye.

Nyuzi nunua za umeme, unene wa namba 10 hadi 46. Kwenye galatoni huenda umezoea 12, kwa hiyo wiki ya kwanza utakandamiza kwa nguvu mno na noti zitapanda, legeza mkono. Usifunge nyuzi za shaba za galatoni ukidhani ni uchumi, sumaku ya pikapu haiisikii shaba, inasikia chuma tu, na uzi mmoja utalia kuliko mwingine. Na kwa chumvi ya hewa ya Tanga, kila ukimaliza pitisha kipande cha khanga kavu ya pamba juu na chini ya kila uzi.

SWALI

Hujambo fundi? Gitaa langu la umeme nikiliwekea nyuzi mpya linatoka kwenye tyuni kila baada ya wimbo mmoja, kwa siku tatu nne. Nimeambiwa vikazio, vile vya kukazia nyuzi kichwani mwa gitaa, vimekwisha. Je, ninunue vipya?
*Dada wa Mombasa*

JIBU

Sijambo, dada. Usinunue bado. Uzi mpya unanyooka, na huo si ugonjwa. Ukishafunga, uzungushe kwenye kikazio mara mbili au tatu tu, usiurundike. Tyuni, kisha ushike katikati uuvute juu kwa upole kama unavuta kamba ya ndoo, mara tano sita, utyuni tena. Rudia mpaka usishuke. Nyuzi sita ni kama robo saa.

Ukisikia *tink* wakati unakaza, uzi unakwama kwenye kile kifupa cha juu. Ulegeze, utoe kwenye mfereji wake, uchore ndani ya mfereji kwa penseli laini mpaka uwe mweusi, urudishe.