Mstari umenyooka kwenye mashine: kwa nini hatumpigi mgonjwa shoti?

SWALI: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya wilayani Bahi. Tulimpokea mkulima wa mpunga wa miaka 52 aliyeharisha na kutapika kwa siku mbili. Kabla hatujapata mshipa wa kuwekea dripu aligeuza macho, akakoroma mara mbili tatu, akanyamaza. Tulikuwa wawili zamu hiyo. Tulimkandamiza kifua kidogo, kisha mwenzangu akaenda kufunga mashine ya kushtua moyo nami nikarudi kutafuta mshipa. Mashine ilionyesha mstari ulionyooka, kwa hiyo hatukupiga shoti; tulimpa dawa za kuuchochea moyo, adrenalini na atropini, tukaendelea kukandamiza, lakini alifariki. Ndugu zake wanalalamika kwamba mashine tulikuwa nayo na hatukuitumia. Je, tulikosea? Na adrenalini hutolewa wakati gani hasa?

JIBU: Ndugu muuguzi, pole kwa zamu hiyo. Kuhusu shoti hamkukosea. Ndugu wa marehemu wameona kwenye tamthilia mstari ulionyooka ukipigwa shoti na mgonjwa akaamka, na huwezi kuwalaumu, lakini shoti haiwashi moyo uliozimika. Kazi yake ni kinyume cha hapo: huunyamazisha moyo wote kwa mara moja. Fikiria wapiga ngoma ya muheme ambao kila mmoja anapiga mdundo wake. Ukiwanyamazisha wote, kiongozi hupata nafasi ya kuanza upya na wengine wakamfuata. Ndivyo inavyokuwa pale vyumba vya chini vya moyo vinapotetemeka ovyo, au vinapokimbia kwa kasi kubwa bila mgonjwa kuwa na mpigo wa mshipa. Hali hizo mbili ndizo zinazopigwa shoti, na huko kuchelewa ndiko kosa. Pale ambapo hakuna anayepiga ngoma, kuamuru kimya hakuleti kitu. Vivyo hivyo moyo unaochora mawimbi yaliyopangika kwenye mashine huku shingoni hakuna mpigo: nao haupigwi shoti.

Kabla ya kuuamini mstari huo, hakikisheni tu kwamba waya hazijachomoka, kwamba ukubwa wa mchoro haujapunguzwa, na kwamba mkibadili mwelekeo wa usomaji bado umenyooka. Ukaguzi huo usizidi sekunde 10.

Kinachonisumbua katika maelezo yako ni sentensi moja: mwenzako alikwenda kwenye mashine nawe ukarudi kwenye mshipa. Wakati huo nani alikuwa kifuani? Shinikizo linalosukuma damu kwenye mishipa ya moyo wenyewe hupanda polepole, mkandamizo baada ya mkandamizo, na huporomoka mara tu mikono inapoondoka, kwa hiyo kila mnaposimama mnaanza tena kupanda mlima kutoka chini. Mkiwa wawili, mmoja abaki kifuani na kazi nyingine zote zifanywe na mwenzake, huku mlinzi, mfamasia au ndugu mwenye nguvu akiitwa kupokezana. Kukandamiza kunafundishika kwa nusu dakika. Vibandiko vya mashine hubandikwa mkandamizaji akiendelea. Na ule mkoromo ulioutaja si kupumua: mtu asiyeitikia anayekoroma hivyo anaanzwa kukandamizwa papo hapo.

Kifua kinatakiwa kushuka sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kiachwe kirudi juu kabisa kabla ya kukibonyeza tena, na mkandamizaji abadilishwe kila dakika 2 hata kama anasema hajachoka. Angalieni pia kitanda. Nimewahi kumwona kijana mwenye mabega mapana akikandamiza kwa bidii hadi jasho likamdondokea mgonjwa, kumbe kilichokuwa kikishuka ni godoro la sponji; tulipomwekea mgonjwa ubao mgongoni, ndipo mpigo ukaanza kuonekana kwenye paja kwa kila mkandamizo. Pasipo ubao, sakafu inatosha. Jambo jingine dogo ni kuhesabu: lugha yetu inatuchelewesha, kwa sababu ukifika “ishirini na saba” mikono husubiri ulimi umalize. Hesabuni moja hadi kumi mara tatu, kisha pumzi mbili za mfuko wa kupulizia hewa, kila moja kwa sekunde moja, kiasi cha kuinua kifua tu. Hesabu hizo tatu za moja hadi kumi, bila pumzi, zinapaswa kuisha ndani ya sekunde 15 hadi 18.

Adrenalini ni miligramu 1 kwenye mshipa, na hurudiwa kila baada ya dakika 3 hadi 5. Kwa mgonjwa asiyehitaji shoti, kama huyu wenu, hutolewa mara tu njia inapopatikana. Kwa anayehitaji shoti, mwongozo wa Marekani huiweka baada ya shoti ya pili na ule wa Ulaya baada ya tatu. Ifuatisheni na mililita 20 za maji ya chumvi na kuinua mkono, la sivyo dawa hubaki kwenye kiwiko. Mshipa ukikataa, sindano ya kwenye mfupa wa muundi hufanya kazi ileile. Atropini iliondolewa katika matibabu ya kawaida ya mstari ulionyooka tangu miongozo ya 2010, kwa hiyo muda mliotumia kuivuta ungefaa kwa jambo jingine.

Jambo hilo ni sababu. Mstari ulionyooka mara nyingi ni mwisho wa tatizo lililoanzia kwingine, na kwa mtu aliyeharisha siku mbili mtuhumiwa wa kwanza ni upungufu wa maji, akifuatiwa na kuvurugika kwa potasiamu. Alihitaji lita za maji zikiminywa kwa mkono, pamoja na oksijeni na kipimo cha sukari. Angekuwa amenyunyizia sumu ya wadudu shambani, hapo atropini ingerudi, tena kwa dozi kubwa, kwa sababu nyingine kabisa.

Kuhusu kuacha: mstari ukiendelea kunyooka kwa dakika 20 za ukandamizaji mzuri, na sababu zinazotibika zimeshughulikiwa, timu ina haki ya kusimama, na saa iandikwe kwenye faili. Ndugu waelezwe na mtu aliyekuwepo chumbani, akiwa ameketi nao, kwa maneno ya wazi: moyo ulikuwa umesimama kabisa, na mashine ile hutibu moyo unaotetemeka. Mwelezeni hivyo hata huyo anayelalamika sana. Ila suala la mikono kuondoka kifuani lijadilini ninyi wenyewe wiki hii, mkiwa na ubao mezani na majina ya nani anashika nini zamu ikiwa na watu wawili tu.