Mashine ni ya dakika chache, mbona majibu siku ya nne?

SWALI: Mwanangu wa wiki tatu alipata homa kali akalazwa. Walimtoa damu, wakasema wanakwenda kuotesha. Majibu kamili yalitoka siku ya nne: Klebsiella pneumoniae. Wakambadilishia sindano, na sasa ananyonya vizuri. Ila kijana wa maabara aliniambia wana mashine inayomtambua bakteria kwa dakika chache tu. Siku zote zile walikuwa wanangoja nini? – Mama Salha, Mbagala

JIBU: Pole sana Mama Salha, na namshukuru Mungu mtoto amepona. Kijana hakukudanganya. Mashine hiyo tunaiita Maldi, nami naitumia karibu kila siku.

Kichanga hutolewa damu kidogo, mililita moja hivi, na bakteria waliomo huenda ni wa kuhesabu kwa vidole. Tunaitia kwenye chupa yenye chakula chao, inakaa kwenye joto la mwili mpaka waongezeke na chupa ionyeshe dalili. Ndipo tunapaka tone kwenye sahani yenye chakula chao, linalala usiku. Asubuhi koloni, yaani vilundo vidogo vya bakteria, zimeota. Za Klebsiella mara nyingi ni nono, ukizigusa zinavutika kama mlenda.

Hapo ndipo Maldi inapoanza kazi. Naigusa koloni moja kwa kijiti cha meno, naipaka kwenye bamba la chuma, nyembamba kabisa, maana ukipaka nene mashine inakataa kutoa jina. Naidondoshea tindikali maalumu, inakauka. Ndani ya mashine, leza inapiga pale, protini za bakteria zinaruka kwenye bomba lisilo na hewa. Nyepesi zinatangulia kufika, nzito zinachelewa, na kwa muda huo mashine inajua uzito wa kila moja. Mpangilio wa uzito huo unalinganishwa na maktaba ya kompyuta, jina linatoka. Zamani, kwa vipimo vya sukari na urea, jina hilo lilinichukua usiku mwingine mzima.

Lakini jina halituambii dawa gani itamuua bakteria huyo. Klebsiella wawili wa jina moja, mmoja anakufa kwa ceftriaxone, mwingine anaendelea kuota. Kwa hiyo tunamwotesha tena pamoja na dawa mbalimbali, usiku mwingine tena. Sindano ya mwanao ilibadilishwa kwa majibu hayo.

Na jina lenyewe tunalikagua. Niliwahi kupima choo cha mtoto, mashine ikasema E. coli, nikakubali. Mwenzangu mkubwa akanionyesha sahani: koloni zimepauka, wakati E. coli kwa kawaida pale huwa za waridi. Alikuwa Shigella. Hao wawili ni ndugu wa karibu mno, uzito wa protini zao unakaribia kulingana, na tangu siku hiyo siandiki jina kabla ya kuitazama sahani.

Siku nyingine mtoto akilazwa kwa homa kali, mwulize nesi kama damu ya kuotesha imeshachukuliwa kabla ya sindano ya kwanza ya antibayotiki. Dawa ikitangulia, chupa inaweza kukaa siku tano bila kitu kuota. Ikishachukuliwa, sindano ichomwe papo hapo, isingoje majibu yetu.