Kabla ya kuichora ndoo, ibebe

Mwanafunzi wa katuni zinazotembea, zile za kuchora kwa mkono, akiambiwa achague zoezi la mtu kunyanyua mzigo, hasa kama anaishi Mbeya, anakimbilia lumbesa. Namwelewa. Ukipita Uyole au Mwanjelwa msimu wa viazi, gunia lile lenye kilemba juu linakujaa machoni. Lakini lumbesa huzidi kilo 100, na hakuna anayejitwika peke yake: wawili wanainua, wa tatu anaingiza mgongo. Hapo umeshajipa wahusika watatu kwa zoezi la sekunde tatu! Chukua ndoo ya lita 20. Ikijaa maji ni kama kilo 20, mtu mmoja anaiweza, na kwenu ipo.

Penseli iache kwanza. Jaza ndoo, inyanyue kwa mikono miwili kutoka chini hadi kifuani, mwenzako akurekodi kwa simu kutokea ubavuni. Mwaga maji, rudia ikiwa tupu. Kisha angalieni video zote mbili polepole. Ndoo tupu inapaa mkono ukigusa tu. Ile iliyojaa, mwili unatangulia: magoti yanakunjika, nyonga inarudi nyuma, mikono inanyooka ikakaza, shingo inaingia mabegani, na ndoo bado imekaa palepale. Hicho kipande ambacho mtu anahangaika na mzigo haujasogea ndicho uzito wenyewe. Ukikiruka, paka kivuli upendavyo, watazamaji wataona debe tupu.

Sasa hesabu. Sinema huenda fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde, na kwa kawaida kila mchoro hukaa fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja inataka michoro 12. Sekunde tatu ni 36. Kwenye daftari nachora vijitu vya vijiti, vidogo kama kiberiti, mikao minne tu: amesimama anaitazama ndoo; amechuchumaa, mikono imekaza; ndoo imefika usawa wa magoti; amesimama nayo kifuani, mgongo umeegemea nyuma ili asianguke kifudifudi. Chini ya kila mkao naandika namba, tuseme 1, 10, 22 na 30. Michoro sita ya mwisho ni ya kutulia, maana mtu mwenye kilo 20 mikononi hagandi ghafla.

Angalia nafasi kati ya 10 na 22. Hapo ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine popote. Ndoo isipande kwa hatua zinazolingana. Michoro ya kwanza isogee kidogo sana, pengine unene wa mstari, halafu nafasi zipanuke, kisha zibane tena ikikaribia magoti. Naweka vijialama vya nafasi hizo kwenye mstari mfupi pembeni ya mchoro wa 10, ili nikifika huko nisianze kukisia. Kwa ndoo tupu, mikao ni karibu ile ile. Kinachopungua ni michoro ya katikati.

Chora mikao mikuu yote kwanza, ndipo ujaze ya kati. Wanaoanza na 1, 2, 3 wakaenda hadi mwisho hujikuta na mtu anayerefuka njiani, labda kwa kula ugali wa ndizi.

Vifaa havina makuu. Karatasi za A4 za gramu 70 zinaonyesha mchoro wa chini vizuri kuliko za 80. Zitoboe kwa panchi ya kawaida ya ofisini. Matundu yake ni ya milimita 6, penseli haipiti, ila bolti za spana namba 10 zinaingia sawasawa. Zifunge mbili kwenye kipande cha plaiwudi, alama umezipima kwa karatasi iliyotobolewa, ili kila karatasi ikae palepale juu ya mwenzake. Meza ya taa, yaani ya kioo chenye taa chini yake, ni nzuri umeme ukiwepo. Usipokuwepo, kioo cha dirisha kinatosha, ingawa asubuhi za Julai huku kwetu vidole vinagoma hadi jua lipande.

Andika namba kwenye kona ya kila karatasi kabla ya kuchora chochote juu yake. Upepo wa dirishani hauna huruma.

Na usisafishe mistari mapema. Piga picha za michoro ikiwa bado rasimu kwa simu iliyofungwa mahali pamoja, zichezeshe kwa kasi ya 12 kwa sekunde. Ndoo ikionekana nyepesi, ongeza karatasi mbili tatu pale kwenye 10, halafu piga tena.