Usiache vidonge vya thairoidi kwa sababu umeanza kujisikia vizuri

Dada, hivyo vidonge usiviache. Umeandika kwamba una miezi minne unameza levothairoksini, homoni ya kufidia ile ambayo tezi yako ya thairoidi, iliyo shingoni, haitoi ya kutosha, baridi imekwisha, usingizi wa mchana umekwisha, na sasa unataka kuhamia unga wa mwani kwa kuwa "tezi imeshaamka". Umeuliza pia habari za uzito na chai ya maziwa. Mimi nimekwama hapo kwenye kuacha, maana ndipo nilipoponzeka.

Niliacha mwezi wa kumi, mwaka juzi. Muuza tiba lishe mmoja alinitazama kucha akasema vidonge vinailemaza tezi, ikizoea kubebwa haitafanya kazi tena. Kopo la mwani elfu sitini. Nikachukua matatu.

Unajua kilichonidanganya? Wiki ya kwanza nilikuwa mzima. Ya pili mzima. Nikampigia simu kumshukuru! Kumbe homoni hii haitoki mwilini upesi, nusu yake tu ndiyo huisha kwa siku kama saba, kwa hiyo nilikuwa naishi kwa akiba ya vidonge vilevile nilivyokuwa navisema vibaya. Akiba ikiisha huanguki ghafla. Mwili hugeuza T4, yaani homoni iliyo kwenye kidonge, kuwa T3, na T3 ndiyo inayoamua chakula kiunguzwe kwa kasi gani. Ikipungua, unafifia taratibu kama jiko la mkaa lisilopepewa.

Januari, joto la Dar es Salaam unalijua, mimi najifunika blanketi. Sauti ikawa nzito, wanaonipigia simu wananiita kaka. Choo hadi siku ya tano. Pete ya ndoa ikakwama, tukaitoa kwa sabuni na uzi, mume wangu anauzungusha uzi mkunjo kwa mkunjo huku kidole kimegeuka zambarau. Nikampigia yule bwana. Akasema sumu inatoka, niongeze vijiko viwili. Kwa hilo sijamsamehe. Mwani una ayodini nyingi, na kwa mtu kama mimi, ambaye tezi inashambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, ayodini ikizidi inaweza kuidhoofisha zaidi. Nilipopimwa damu, TSH, homoni inayoiamuru thairoidi ifanye kazi, ilikuwa 68, wakati kawaida ni kama 0.4 hadi 4. Moyo unapiga mara 46 kwa dakika, lehemu imepanda. Daktari hakunigombeza. Aliweka tu karatasi mbili mezani, ya zamani na mpya, akaniacha nizisome.

Tangu siku hiyo dozi yangu haiguswi bila karatasi ya TSH mkononi. Kupunguza, kuruka siku, kuacha, yote hayo hapana. TSH hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na homoni ya thairoidi ikipungua, TSH hupanda, mara nyingi kabla hujahisi lolote. Dozi ikibadilishwa, subiri wiki 6 hadi 8 ndipo upime, mapema zaidi namba huwa haijatulia. Wapo wanaoachishwa kweli, kwa mfano baadhi ya waliopata shida hii baada ya kujifungua, lakini huachishwa na daktari na huendelea kupimwa. Hii si mseto ya malaria, umeze siku tatu upone. Unajisikia vizuri kwa sababu unameza!

Uzito usiutarajie kushuka sana. Ule unaoletwa na tezi huwa kilo chache, na nyingi ni maji na chumvi. Kidonge meza asubuhi na maji matupu, chai isubiri nusu saa hadi saa nzima. Vidonge vya damu na vya kalsiamu vipishane nacho kwa muda wa saa nne.

Umesema vimebaki sita. Hizo ni siku sita tu, dada. Kesho pitia duka la dawa ununue vingine, halafu ukapime TSH wiki hii. Majibu yakitoka niandikie namba, hata kama ni usiku.