Je, Kofia Huleta Upara?

SWALI: Mhariri, nina umri wa miaka 29 na ninaishi Kayole, Nairobi. Nywele za utosini zinapukutika, na kinyozi wangu anasema chanzo ni kofia ninayovaa kila siku. Je, maji ya kitunguu au mafuta ya rozimari yatanisaidia?

JIBU: Ndugu msomaji, kofia yako haina hatia. Upara wa kawaida wa wanaume hutokana na urithi, wa upande wa mama na wa baba pia, pamoja na homoni ya dihidrotestosteroni, ambayo hudhoofisha mashina ya nywele hadi yatoe nywele fupi na nyembamba. Mwaka 1942 mwanasayansi Mmarekani James Hamilton alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata upara huo. Kinga hiyo, bila shaka, hakuna anayeitamani. Maji ya kitunguu yalijaribiwa kwa nywele zinazonyonyoka kwa mabaka, ambao ni ugonjwa tofauti. Rozimari ina matumaini kiasi, kwa kuwa katika utafiti mmoja mdogo wa mwaka 2015, uliochukua miezi 6, mafuta yake yalikaribiana na minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ya asilimia 2. Yachanganye na mafuta ya nazi, kwani yakiwa makali huwasha ngozi. Ukiona mabaka au usaha, mwone daktari wa ngozi.