Nyundo hutupwa kwa miguu: majibu kwa msomaji kuhusu fainali ya wanaume

SWALI: Kocha, salaam. Nilitazama fainali ya kutupa nyundo wanaume kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha, Tokyo 2025, ile ambayo Ethan Katzberg wa Kanada alitupa mita 84.70. Ni mrefu, sawa, lakini si lile pandikizi la mtu nililolitegemea. Nguvu yote hiyo anaitoa wapi? Halafu sheria zinanichanganya. Nimeshaona nyundo ikigonga chini, mtu anasimama, anaanza upya na hakuna anayemsemesha. Mwingine nyundo yake inakwenda mbali kweli, na bendera nyekundu inapanda. Kwa nini wengine huzunguka mara tatu na wengine mara nne? Na wanakuja na nyundo zao wenyewe?

JIBU: Salaam, ndugu msomaji. Nianze na nguvu, maana hapo ndipo watazamaji wengi wanapopotea. Macho hukimbilia mabegani na mikononi kwa sababu ndiko kunakoonekana kuhangaika. Lakini mikono ya mtupaji mzuri imenyooka na kutulia, inashikilia tu. Kazi inafanywa na miguu na nyonga.

Nyundo ya mchezo huu ni tufe la chuma, ndilo tunaloliita kichwa, lililofungwa kwenye waya wenye mshikio. Ya wanaume ina kilo 7.26, na urefu wake wote hauzidi sentimita 121.5. Mtupaji akinyoosha mikono sawasawa, kichwa cha nyundo huzunguka umbali wa kama mita 1.8 kutoka kwenye mhimili wake. Sasa akunje viwiko kidogo tu, apoteze sentimita 10 huku akizunguka kwa kasi ileile. Kasi ya kichwa inapungua zaidi ya asilimia 5, na kwa kuwa umbali hufuata mraba wa kasi, mtupo wa mita 80 unapungua kwa mita 8 na ushee. Yule mwenye misuli mikubwa anayevuta nyundo kuelekea kifuani anajiibia mwenyewe. Ndiyo maana kwa mchezo huu napenda kijana mrefu mwenye miguu myepesi kuliko mbeba vyuma asiyejua kulegeza mabega.

Usidhani lakini kwamba nguvu haihitajiki. Nyundo inayokaribia kuachiwa huwa na kasi ya mita 28 au 29 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo inamvuta mtupaji kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 340 hivi. Asiyekuwa na mgongo na mapaja ya kuhimili mvuto huo ataburutwa nje ya duara la kutupia kabla hajamaliza. Nguvu inamsaidia asimame imara. Kasi inatoka kwingine.

Inatoka pale miguu yote miwili inapokuwa chini. Tazama marudio ya polepole: anayetumia mkono wa kulia anageukia kushoto, mguu wa kushoto unazunguka kwa kisigino kisha kwa kidole, na wa kulia unanyanyuka kuufuata. Wakati mguu wa kulia uko hewani hana pa kusukumia, nyundo inaelea tu. Ukitua, anaweza tena kuisukuma inaposhuka kutoka juu kuelekea chini. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma wakati wake anapaa, ukichelewa unampunguzia. Kwa hiyo mafundi wa mchezo huu hurudisha mguu wa kulia chini mapema kadiri wawezavyo, katika kila mzunguko. Nikikaa uwanjani natazama mguu huo, uso wa mtu siutazami kabisa.

Tofauti ndogo ya kasi hutoa matokeo makubwa. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024 Katzberg alishinda kwa mita 84.12, na Bence Halász wa Hungaria akawa wa pili kwa 79.97. Mita 4.15 zinaonekana kama bonde kati ya watu wawili. Ukipiga hesabu ya darasani, ukiacha hewa na urefu wa mahali inapoachiwa nyundo, ni kasi ya mita 28.0 dhidi ya 28.7 kwa sekunde. Sehemu 7 za kumi ya mita kwa sekunde, basi. Huko Tokyo pengo lilikuwa dogo zaidi: Merlin Hummel wa Ujerumani alipata 82.77 na Halász 82.69. Kwa 84.70 ile Katzberg alifuta rekodi ya mashindano ya dunia, 83.63 ya Ivan Tsikhan iliyodumu tangu Osaka 2007.

Sasa sheria. Nyundo kugonga chini si kosa. Kichwa kikigusa ardhi ndani au nje ya duara, au kikigusa juu ya ukingo wa chuma, mtupaji anaruhusiwa kusimama, kujipanga na kuanza upya, mradi hajavunja sheria nyingine na muda wake haujaisha. Muda wenyewe kwa kawaida ni dakika 1, kwa hiyo huyo uliyemwona akianza upya hakupewa upendeleo, alikuwa anakimbizana na saa. Hata nyundo ikikatika waya hewani hahesabiwi kosa. Kama mengine yote yalikuwa sawa, anapewa jaribio jingine.

Kinachopandisha bendera nyekundu mara nyingi ni mguu. Duara lina kipenyo cha mita 2.135. Kugusa upande wa ndani wa ukingo inaruhusiwa, kugusa juu yake au ardhi ya nje hairuhusiwi. Kanuni za sasa zina msamaha mmoja mwembamba: katika mzunguko wa kwanza, mguu ukigusa nje nyuma kabisa ya mstari mweupe unaogawa duara, bila kumpa mtupaji msukumo wowote, haihesabiwi kosa. Kisha haruhusiwi kutoka kabla nyundo haijatua, na akitoka lazima apitie nusu ya nyuma. Wapo waliopoteza mtupo mzuri kwa sababu ya kushangilia wakielekea mbele.

Jinsi mguu unavyoweza kuleta kizaazaa tuliona kwenye Mashindano ya Dunia ya Doha 2019. Halász alikuwa wa tatu kwa mita 78.18 alizopata kwenye jaribio la kwanza. Baadaye video ikaonyesha kama vile alikanyaga nje. Timu ya Polandi ikalalamika, kwa kuwa Wojciech Nowicki wao alikuwa wa nne kwa 77.69. Mwishowe shaba zilitolewa mbili, Halász akabaki na yake na Nowicki akapewa. Kwangu ule ulikuwa uamuzi wa kutuliza watu. Jaribio ama ni halali ama si halali. Lakini pia mwamuzi aliyeinama kando ya duara anatazama viatu vinavyozunguka mara nne ndani ya sekunde chache, na simwonei wivu.

Sababu nyingine ya bendera nyekundu ni nyundo kutua nje ya mistari. Eneo la kutua lina pembe ya nyuzi 34.92, namba inayoonekana ya ajabu hadi uielewe: kwa pembe hiyo, upana wa eneo ni asilimia 60 ya umbali. Kwenye mita 80, una mita 48 za kulenga kutoka mstari hadi mstari. Zamani pembe ilikuwa nyuzi 40, na mahali hapohapo ungekuwa na karibu mita 55. Sasa weka kasi juu yake. Nyundo inayozunguka kwa mita 29 kwa sekunde hukata nyuzi 35 ndani ya muda usiofika sehemu 4 za mia za sekunde. Hiyo ndiyo nafasi yote ya kuachia. Ukiwahi, inakwenda upande mmoja. Ukichelewa, inakwenda mwingine, na ndiyo maana ya kizimba kile cha wavu kinachozunguka duara na milango yake miwili inayosogezwa kila anapoingia mtu wa mkono tofauti. Anayezunguka kuelekea kushoto husogezewa mlango wa kushoto, kwa kuwa akichelewa kuachia nyundo itaelekea huko.

Mizunguko mitatu au minne? Mzunguko wa nne unakupa nafasi moja zaidi ya kusukuma, ila unakula duara. Kila unapogeuka kwa kisigino na kidole unasogea mbele kama urefu wa kiatu, kwa hiyo baadhi ya watupaji hufanya mzunguko wa kwanza kwa kidole peke yake ili wabane nafasi. Pia kosa dogo la mzunguko wa kwanza linakua kila unaposonga. Ushahidi wa uwanjani hauamui ugomvi huu. Tarehe 30 Agosti 1986, kwenye Mashindano ya Ulaya mjini Stuttgart, Yuriy Sedykh wa Muungano wa Kisovieti alitupa mita 86.74 kwa mizunguko mitatu. Mwenzake Sergey Litvinov, mtu wa mizunguko minne, akawa wa pili kwa 85.74 siku hiyohiyo. Mwanafunzi wangu namwanzisha kwa mitatu, na wa nne namwongezea pale tu ninapoona mguu wake wa kulia hauchelewi.

Mtupo huo wa Sedykh ni rekodi ya dunia, na bado inasimama. Wapo wanaotaja udhibiti wa dawa, ambao miaka ya 1980 ulikuwa mlegevu kuliko leo, na hoja hiyo siwezi kuitupa. Lakini mtazame Sedykh akizunguka na utaona pia mikono mirefu iliyonyooka na mguu wa kulia unaowahi chini kuliko wa karibu kila mtu aliyemfuata. Katzberg amebakiza mita 2.04. Kwa hesabu ileile ya juu, ni theluthi moja tu ya mita kwa sekunde.

Nikuongezee jambo moja ambalo hukuuliza. Matokeo ya mchujo hayabebwi kwenda fainali, na mchujo una majaribio matatu tu. Paweł Fajdek wa Polandi alitwaa ubingwa wa dunia mara 5 mfululizo, kuanzia 2013 hadi 2022, lakini kwenye Olimpiki za London 2012 na Rio 2016 hakuvuka mchujo. Ukitaka kuona watu wenye hofu ya kweli, nenda uwanjani siku ya mchujo.

Na nyundo zao? Waandaaji huweka nyundo zilizopimwa, kila mtu achague. Mtupaji anaweza kuruhusiwa kuleta yake ikiwa haimo kwenye orodha ya waandaaji, ila inapimwa uzito, urefu, kipenyo cha kichwa ambacho lazima kiwe kati ya milimita 110 na 130, na mahali ulipo uzito ndani ya kichwa. Ikipita, inaingia kwenye rundo la wote, na mpinzani wake anaruhusiwa kuitupa. Glavu na mkanda wa kiunoni ni vyake mwenyewe, ila ncha za vidole vya glavu lazima ziwe wazi, isipokuwa kidole gumba.