Mgonjwa alimeza dawa, mwili ukatengeneza sumu

Wewe unayeanza kazi wodini au kwenye dirisha la dawa, kuna jambo lililonichukua miaka kulielewa vizuri: mara nyingi kinachomuumiza mgonjwa si dawa aliyoimeza, ni kile ambacho mwili wake umekitengeneza kutokana nayo.

Ini huibadilisha dawa ili iyeyuke kwenye maji na kutoka kwa mkojo au nyongo. Katikati ya kazi hiyo huweza kuzaliwa kemikali isiyotulia, inayong'ang'ania protini yoyote iliyo karibu. Glutathioni ndiyo mlinzi wa kuidaka kabla haijaleta madhara.

Anza na parasetamoli. Ukiielewa hiyo, nyingine zitakuja zenyewe. Kwa dozi ya kawaida, sehemu kubwa hutoka salama, na kidogo tu hugeuzwa na kimeng'enya cha ini, CYP2E1, kuwa NAPQI, ile kemikali isiyotulia, ambayo glutathioni huimaliza. Mtu akizidisha, njia salama hulemewa, NAPQI huongezeka, akiba ya glutathioni huisha, na seli za ini huanza kufa. Asetilisisteini, dawa ya kukabili sumu hiyo, huokoa kwa sababu inaurudishia mwili akiba hiyo, na ikitolewa ndani ya saa 8 tangu mgonjwa ameze, kinga yake ni kubwa mno. Ninasisitiza saa kwa sababu nilishamwona mgonjwa siku ya kwanza ameketi kitandani, kichefuchefu kidogo tu, anaomba ruhusa arudi nyumbani. Siku ya tatu macho yake yalikuwa ya njano. Usiamini sura yake. Uliza alimeza saa ngapi, kiasi gani, kisha pima damu.

Ngozi ina hesabu nyingine, na hapa ndipo wengi tunateleza. Salfamethoksazoli, iliyomo ndani ya antibiotiki ya kotrimoksazoli, hugeuzwa hatua kwa hatua mpaka kuwa kemikali ya nitroso, nayo hujibandika kwenye protini za mwili. Kinga ya mwili ikiiona protini ile imebadilika sura, huichukulia kama mgeni na kuishambulia. Maandalizi hayo huchukua siku, pengine wiki kadhaa.

Niliwahi kumpokea mama mwenye vipele, nikailaumu dawa ya maumivu aliyoinywa jana yake. Nikaisimamisha hiyo. Kotrimoksazoli aliyoianza siku 12 nyuma ikaendelea siku mbili zaidi, mpaka midomo ikachubuka, macho yakawa mekundu, na shuka likimgusa tu analia. Alipona, lakini zile siku mbili bado zinaniuma. Kwa hiyo usiulize "jana ulikunywa nini?" peke yake. Uliza kila dawa iliyoanzwa ndani ya miezi miwili iliyopita. Na ukiona vipele pamoja na homa, vidonda vya mdomo au ngozi inayouma ikiguswa, simamisha dawa unayoishuku hapohapo, mwite daktari mwandamizi, na pima vimeng'enya vya ini. Ngozi na ini huweza kuumia pamoja.

Nevirapini, dawa ya VVU, inaonyesha vizuri jinsi ngozi inavyoumia. Majaribio ya panya yameonyesha kwamba zao lake moja, yaani kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana nayo, huunganishwa na salfeti ndani ya ngozi yenyewe, likawa kali na kuleta vipele. Huanzwa kwa miligramu 200 mara moja kwa siku kwa siku 14, ndipo iwe mara mbili, na mwanzo huo wa polepole hupunguza vipele. Vipele vikitoka ndani ya siku hizo, dozi haipandishwi mpaka viishe.

Si kila mzio una zao la dawa nyuma yake, lakini. Abakaviri, dawa nyingine ya VVU, hujishikiza yenyewe kwenye HLA-B*57:01, protini ya kinga ambayo baadhi ya watu huirithi, ndiyo maana mgonjwa hupimwa jeni yake kabla ya kuanza.

Mgonjwa akipona, andika kwenye faili na kwenye kadi anayobaki nayo: jina la dawa, tarehe aliyoianza, tarehe vipele vilipotoka, na kama ini liliguswa. Mwambie kwa mdomo pia, na umwombe alitaje jina la dawa hiyo mbele yako. Akiirudia, safari hii kinga haitasubiri siku 12.